Mzega wa maji: hotuba kuhusu usafi wa maskini wa Dar es Salaam ya zamani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi, Buguruni, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wajumbe wa mashina na wakazi. Mvua iliwazuia wengi, nao wameniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, wanangu wahudumu wa afya. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimekuja na kitu mkononi. Mnakiona? Wa nyuma kule, mnakiona? Naona wazee wanacheka, vijana wananyoosha shingo. Hii ni kata. Kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama, na nyumbani kwake Kariakoo zilikuwepo mbili. Moja ilining'inia juu ya mtungi wa maji ya kunywa, nyingine ilikaa bafuni. Ole wako uzichanganye! Na ole wako uweke mdomo kwenye kata ya kunywea. Unateka, unamimina kwenye kikombe, unairudisha ilipokuwa. Mtungi wenyewe bibi aliufukiza ubani kabla ya kuujaza, ule moshi ukae ndani, ndipo atie maji.

Bibi hakusoma darasa hata moja. Hakuwahi kusikia neno kijidudu. Nani alimfundisha kutenganisha kata?

Nimeombwa nizungumze kuhusu usafi wa mwili na afya ya watu maskini wa mji huu katika siku zilizopita. Nimefanya kazi ya bibi afya mpaka nikastaafu, nimeingia vyoo vingi kuliko sebule, na neno nililo nalo ni moja. Nitalirudia mpaka mlichoke. Maskini wa Dar es Salaam hakuwa mchafu. Alinyimwa maji.

Hebu tuanze na maji yenyewe. Mimi nilizaliwa mwaka 1953, katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Vyumba sita, familia sita. Uani choo kimoja cha shimo na bafu moja la mabati. Kisima kilikuwepo jirani, lakini mnajua maji ya visima vya mji huu. Yana chumvi. Chukua sabuni ya mche, sugua kwenye maji yale, povu halitoki. Sabuni inaganda kama maziwa yaliyokatika. Nguo nyeupe inageuka rangi ya ufuta. Ukioga, ngozi inabana. Kwa hiyo ukitaka kuoga kwa sabuni, ukitaka kumwogesha mtoto mchanga, ukitaka chai isiyo na ladha ya bahari, lazima upate maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na maji baridi yalikuja begani mwa mtu.

Wazee, mnakumbuka mzega? Vijana, mzega ni mti unaolala begani, debe moja mbele, debe moja nyuma. Debe lile la mafuta ya taa, lita kama 18. Muuza maji alipita alfajiri, na mama alimsimamisha mlangoni akiwa amekwisha hesabu senti zake. Siku za neema tulinunua mzega mzima. Siku nyingi tulinunua debe moja. Bei yake ilikuwa sawa na unga wa uji wetu wa asubuhi, kwa hiyo kuna siku mama alichagua: uji au maji.

Sasa nisikilizeni debe moja lilivyotumika kwa watu saba. Kwanza yanatengwa ya kunywa, yanaingia mtungini. Kisha ya kupikia. Yaliyobaki yanaingia kwenye karai, anaogeshwa mdogo wetu wa mwisho, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata, maji yale yale, na mama anaongeza kopo moja la maji safi kila mtoto ili wa mwisho asioge mavumbi ya wenzake. Maji ya karai hayamwagwi. Yanafulia nepi na nguo za jikoni. Yaliyofulia yanasuuzia sakafu ya choo, na kinachobaki kinanyunyizwa uani vumbi litulie kabla ya kufagia. Debe moja! Baba yeye alioga maji ya chumvi, akajisuuza kwa makopo mawili ya maji baridi, akaenda kazini shati limenyooka.

Huyo ndiye mtu aliyeitwa mchafu?

Na palipokosekana maji watu walitafuta njia. Dodoki liliota kwenye ua wa makuti, bure, ukilikausha unasugulia mwili. Meno kwa mswaki wa mti, au mkaa uliosagwa na chumvi. Kwapa kwa shabu au ndimu. Miguu kwa jiwe. Sufuria kwa majivu na mchanga. Godoro la sufi liliburutwa juani, kitanda cha kamba kikamwagiwa maji ya moto kunguni watoke. Nyumba ya udongo ilikandikwa tena na tena ili nyufa zizibwe, maana papasi hukaa kwenye nyufa na usiku wanatoka kunyonya damu. Mwaka 1905 daktari Robert Koch, Mjerumani mwenye jina kubwa duniani, alizifuata njia za misafara ya koloni hili akichunguza papasi kwenye vibanda vya kulala wasafiri, akaonyesha kwamba wadudu hao wanabeba homa inayorudi-rudi. Kazi kubwa, namheshimu. Lakini wenyeji wa njia hizo walikuwa wakijua zamani kwamba kibanda cha papasi kinatia homa. Waliogopa kulala humo kabla hadubini haijafika.

Nisieleweke vibaya. Si kila walichofanya wazee kilikuwa sawa. Mafuta ya taa kichwani kwa ajili ya chawa yaliunguza ngozi za watoto, na wapo walioungua kweli kweli kwa kukaa karibu na koroboi. Ubani mtungini haui kipindupindu. Ninachosema ni kwamba nia ya usafi ilikuwepo, tena kali, na ilikuwepo kwa watu wasio na kitu.

Hapa niseme kidogo kuhusu ramani ya mji, kwa sababu hamtaelewa mengine bila hiyo.

Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, kutoka Bagamoyo. Mwaka 1897 wakafungua hospitali ya Ocean Road, ya Wazungu. Mwaka huo huo ikafunguliwa hospitali nyingine kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, kwa fedha za mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji. Ndiyo, yule yule ambaye jina lake mnalisikia Muhimbili mkienda kumwona mgonjwa Sewahaji. Kisha wakaja Waingereza, na katika miaka ya 1920 mji ukagawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja. Tunapapenda, tumecheza pale, tumesikiliza mikutano pale. Lakini uwanja ule uliachwa wazi kwa hoja ya afya. Mwafrika alihesabiwa kuwa ndiye chombo cha malaria, na mbu amwumaye asiweze kuruka mpaka kwa wengine.

Basi mimi nauliza. Kama hoja ilikuwa afya, kwa nini bomba la ndani ya nyumba lilianzia upande mmoja wa uwanja, na upande wa pili tukaachiwa visima na bomba moja la kugombania mtaa mzima? Kama hoja ilikuwa afya, dawa si ilikuwa maji?

Bibi yangu alinisimulia mara nyingi kisa cha bwana afya aliyeingia uani kwake, miaka ya 1930. Alikuta viluwiluwi kwenye mtungi wa maji ya kuogea. Hakusema neno. Aliupindua mtungi kwa mguu, ukapasuka, akaandika faini, akatoka. Maji yale yalikuwa ya mzega, yamenunuliwa asubuhi ya juzi yake, yakibanwa kwa sababu siku ile alikuwa anatarajia wageni wa msiba. Bibi alisimama kwenye tope la maji yake mwenyewe. Kuhusu mbu, yule bwana alikuwa sahihi kabisa, na mimi ningeyamwaga pia. Lakini kipande cha kaniki kilichofungwa mdomoni mwa mtungi kingetosha. Dakika tatu za kumwelekeza mama wa watu zingetosha. Wanangu wahudumu wa afya, mimi nilisomea kazi hii kwa sababu ya mtungi ule. Mkiingia kwenye ua wa mtu, ingieni na kaniki.

Na msidhani mambo haya ni yetu peke yetu. Huko Uingereza, mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Liverpool, palikuwa na mama mmoja mhamiaji kutoka Ireland, Kitty Wilkinson, mfua nguo, maskini. Alikuwa na sufuria kubwa la kuchemshia maji ndani ya nyumba yake, kitu ambacho majirani hawakuwa nacho. Akawafungulia mlango waje wafue nguo na matandiko ya wagonjwa, kwa peni moja kwa wiki. Mji ulimwangalia, ukajifunza, na mwaka 1842 Liverpool ikafungua nyumba ya umma ya kufulia na kuogea. Serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa bado inatoza kodi ya sabuni. Iliifuta mwaka 1853. Fikirini, kodi ya sabuni! Halafu wajukuu zao wakaja hapa kutuandikia kwamba hatuogi.

Nilipokuwa mtoto, mtaa wetu ulikuwa na mama wa namna hiyo. Kisima chake kilikuwa na maji mazuri kidogo, na siku za kawaida aliuza. Pakiwa na msiba, au nyumba yenye ugonjwa wa kuhara, kamba na ndoo viliachwa nje bure mpaka watu watoke kwenye shida. Hakuna aliyemwandika popote. Nami leo sitaji jina lake kwa sababu wanawe hawakunipa ruhusa, ila Mungu analijua.

Sasa nakuja kwenye jambo zito, na kina baba naomba mvumilie. Ni aibu.

Mji huu, kama pwani yote, ulijaa matende na mabusha. Ugonjwa unaletwa na mbu, na kwetu ni yule mbu wa majumbani anayezaa kwenye maji machafu: karo, mitaro, choo cha shimo kilichojaa maji. Buguruni, Keko, Jangwani, bonde lote la Msimbazi, ukichimba kidogo tu maji haya hapa. Kila choo kilikuwa bwawa la kuzalishia mbu. Mtu anaumwa na mbu miaka na miaka, minyoo midogo inaziba njia mwilini, mguu unavimba, korodani zinavimba. Na watu wakacheka. Wakatunga mafumbo. Wakasema ni madafu, wakasema ni uzinzi, wakasema amerogwa.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi cherehani. Baraza yake ilijaa wateja, mkono wake ulikuwa mwepesi. Alivaa kanzu pana siku zote, na hakuinuka kwenye kiti mbele za watu. Alikuja kabla ya wateja, aliondoka baada ya wateja. Sisi watoto tulimwimbia. Namwomba Mungu anisamehe, na mimi niliimba. Siku moja aliacha kuja, na tukaambiwa amerudi kwao. Miaka mingi baadaye, nimeshasoma, nikajua kwamba busha linapasuliwa na mtu anapona. Alikuwa na tatizo la maji, la maji machafu chini ya choo cha nyumba ya kupanga, na akalibeba kama dhambi yake.

Mwaka 1988, kule Makunduchi, Unguja, wataalamu walimwaga kwenye vyoo vya shimo punje nyepesi za plastiki, zile nyeupe kama za kufungashia redio. Zikaelea, zikatanda juu ya maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa. Pamoja na vidonge kwa wananchi, mbu walipungua na ugonjwa ukashuka sana. Punje za plastiki! Na siku hizi dawa zimegawiwa bure mitaani kwetu, na wapo wanaume walipasuliwa bure wakasimama wima tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi wetu alificha kwa sababu tulimlazimisha afiche.

Kina mama nao walificha. Vitambaa vya hedhi, vipande vya kanga kuukuu, vilifuliwa usiku kwa maji yaliyobaki na kuanikwa chini ya kanga nyingine, au chini ya godoro. Somo alikufunda uvifue vizuri, na alikufunda visionekane. Vikawa havikauki. Jua lilikuwepo, kubwa, la bure, uani, na binti hakuruhusiwa kulitumia. Ni muwasho kiasi gani, ni maradhi kiasi gani yalipita kimya kwenye nyumba zile? Nawaachia mjiulize wenyewe mkirudi, na mwangalie kamba za nguo za nyumbani kwenu.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 20, na redio ikasema Mtu ni Afya. Walio na umri wangu wanatabasamu, naona. Kwa wiki 12 nchi nzima ilikaa kwenye vikundi, vikundi kama 75,000, watu wapatao milioni 2, wanasikiliza Redio Tanzania, wanasoma kijitabu, wanajadiliana, wanaamua. Malaria, kuhara damu, safura, kichocho, kifua kikuu. Nilikuwa kiongozi wa kikundi, natetemeka, mbele ya watu wazima walionizaa. Na unajua kilichonishangaza? Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba uchafu ni mbaya. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti, nimekuelewa. Kuchemsha maji ya kunywa. Mkaa wa kuchemshia unauzwa wapi kwa bei ya maji?" Sikuwa na jibu. Kijitabu hakikuwa na jibu.

Kampeni ile ilifaa, msinielewe vinginevyo. Vijijini vyoo vilichimbwa kwa wingi. Lakini mjini, uchimbe wapi? Kiwanja ni chumba sita na ua wa hatua kumi, chini ni maji. Maji ya mto Ruvu yalikuwa yakivutwa mjini tangu mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959, ukaja wa Ruvu Chini mwaka 1976, na kila yalipoongezeka, watu walikuwa wamekwisha kuongezeka zaidi. Sensa ya 1967 ilikuta jiji lina watu 270,000 na kidogo. Sensa ya 2022 imekuta mkoa una zaidi ya milioni 5. Kipindupindu kikatupiga mwishoni mwa miaka ya 1970. Kikarudi mara nyingi. Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kikaenda mikoani, na mlikuwepo, mlibeba wagonjwa. Kila mara kilikwenda moja kwa moja kule ambako maji yananunuliwa kwa ndoo.

Nimalizie na mtu mmoja.

Mnawajua vyura. Sisemi wa mtoni. Wale wanaume wanaoingia shimoni usiku kutoa kinyesi kwa ndoo, choo kinapojaa na gari haliwezi kupita uchochoroni. Wengine walingoja mvua wakatapisha choo mtaroni, na hilo lilituua. Nimelikemea maisha yangu yote na nitalikemea leo. Lakini chura aliyefanya kazi yake sawasawa, akachimba shimo jipya pembeni, akahamisha, akafukia, huyo aliokoa mitaa. Bila buti, bila glavu, bila chanjo. Watu walimwita usiku, walimlipa usiku, asubuhi walipokutana naye walivuka barabara.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilimtembelea mmoja, mzee, ameshaacha kazi, anaishi na binti yake. Nikamwuliza swali la kikazi: ukitoka shimoni ulioga vipi? Alinitazama kuona kama namdhihaki. Alipoona sicheki, akaeleza taratibu, vidole vinaonyesha. Mafuta ya taa kwanza, kwenye mikono na miguu, harufu ikatike. Kisha mchanga mkavu. Kisha majivu na maji kidogo. Kisha sabuni ya mche na dodoki, mwili mzima, mara mbili. Kucha kwa mwiba wa mchungwa. Ndimu mwishoni. Yote hayo nje, nyuma ya nyumba, gizani, na nguo za kazi haziingii ndani kamwe. Mkewe aliweka maji kabla ya kulala. Alfajiri watoto wakiamka, wanamkuta baba amekaa na kikombe cha chai, anang'aa. Walikua mpaka wakaoa bila kujua alifanya kazi gani.

Nimeona manesi wengi, nimeona madaktari wa upasuaji wakinawa. Sijaona mtu aliyeoga kwa makini kama alivyonieleza yule mzee.

Nikamwuliza, maji hayo yalitoka wapi, kisimani?

Akasema hapana, ya kisima hayatoi povu. Alinunua.

Debe moja?

"Mzega," akasema. "Nikipokea pesa, ya kwanza naitoa ya mzega. Inayobaki ndiyo ya watoto."

Asanteni kwa kunisikiliza.